Emil Zátopek (1922–2000): Mshindani Asiyekuwa na Adui

Utangulizi

Wasimamizi wengi wa michezo duniani hushikilia kwamba michezo na siasa hazipikiki katika chungu kimoja. Historia ya Michezo ya Olimpiki, hata hivyo, haiungi mkono dai hilo. Tangu Olimpiki ya Berlin ya mwaka wa 1936, bendera, nyimbo za mataifa na mavazi ya wanariadha vimekuwa vikibeba ujumbe wa mataifa yanayozozana. Mwanariadha hujikuta kati ya mambo mawili: taifa lake linamtaka amwone mpinzani kuwa adui, ilhali uwanja unamtaka amwone kuwa mwenzake. Ni wachache waliowahi kuishi katikati ya mvutano huo kwa muda mrefu kama Emil Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia. Alikimbia chini ya utawala wa Wanazi, akatamba wakati wa Vita Baridi, na hatimaye akasimama mbele ya vifaru vya Kisovieti katika jiji la Prague. Maisha yake yanadhihirisha ukubwa wa uungwana wa mwanamichezo, na vilevile gharama yake.

Ujana katika nchi iliyokaliwa

Zátopek alizaliwa tarehe 19 Septemba 1922 katika mji wa Kopřivnice, jimbo la Moravia. Baba yake alikuwa seremala, na familia ilikuwa kubwa na yenye kipato kidogo. Akiwa kijana alipelekwa katika mji wa Zlín kufanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bat'a huku akisoma katika shule ya kampuni hiyo. Hakuwa na ari yoyote ya kukimbia. Kampuni ilipoandaa mashindano na kuwalazimisha vijana wake kushiriki, alijaribu kukwepa kwa kudai kwamba hakuwa na nguvu. Daktari alimpima, akamkuta mzima wa afya. Basi alishiriki shingo upande, akamaliza wa pili miongoni mwa washiriki wapatao 100. Kuanzia siku hiyo mbio zikawa ndio uhai wake.

Wakati huo nchi yake ilikuwa mikononi mwa Ujerumani ya Hitler. Vyuo vikuu vya Wacheki vilikuwa vimefungwa, na shughuli nyingi za umma zilikuwa zikichunguzwa. Uwanja wa riadha ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana wa Kicheki angeweza kujipima bila kuomba ruhusa ya mtawala kila hatua. Kufikia mwaka wa 1944, Zátopek alikuwa amevunja rekodi za nchi yake katika mbio za mita 2,000, 3,000 na 5,000. Vita vilipomalizika mwaka wa 1945 alijiunga na jeshi, akapata nafasi ya kufanya mazoezi kwa wingi.

Mbinu yake ya mazoezi iliwashangaza wataalamu wa enzi hiyo. Alikimbia mita 400 kwa kasi, akapumzika kwa kukimbia polepole, kisha akarudia tena na tena, mara nyingine makumi ya mara kwa siku moja. Alikimbia msituni akiwa amevaa buti nzito za kijeshi, na wakati wa theluji hakupumzika. Mtindo wake wa kukimbia haukuwa wa kupendeza: kichwa kilipinda upande, uso ulijikunja kana kwamba anachomwa kisu, na mabega yalipanda na kushuka. Watazamaji waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani angeanguka wakati wowote. Waliomzoea walimbandika jina la garimoshi la Kicheki, kwa jinsi alivyohema na kwa jinsi ambavyo hakusimama.

Mwaka wa 1946 majeshi ya mataifa yaliyoishinda Ujerumani yaliandaa mashindano ya riadha katika jiji la Berlin, ambalo bado lilikuwa magofu. Inasimuliwa kwamba Zátopek alisafiri hadi huko kwa baiskeli, na kwamba katika gwaride la ufunguzi alitembea peke yake nyuma ya bango la Chekoslovakia huku umati ukimcheka. Mbio za mita 5,000 zilipomalizika, kicheko kilikuwa kimegeuka kuwa makofi. Alikuwa ameshinda kwa umbali mkubwa.

Kutoka London hadi Helsinki

Olimpiki ya London ya mwaka wa 1948 ilikuwa ya kwanza baada ya vita. Ujerumani na Japani hazikualikwa. Katika mbio za mita 10,000 Zátopek alimwandama Viljo Heino wa Ufini, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, hadi Heino akaacha mbio. Zátopek alitwaa dhahabu kwa muda wa dakika 29 na sekunde 59.6. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Alain Mimoun wa Ufaransa, mzaliwa wa Aljeria. Siku chache baadaye, katika mita 5,000, Zátopek alishindwa na Gaston Reiff wa Ubelgiji kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwaka huohuo alimwoa Dana Ingrová, mrusha mkuki ambaye walizaliwa siku moja, mwezi mmoja na mwaka mmoja.

Mwezi Februari mwaka huo wa 1948 Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimetwaa mamlaka yote nchini Chekoslovakia. Utawala mpya ulimfanya Zátopek kuwa kielelezo cha ubora wa mfumo wake. Alipandishwa vyeo jeshini, akaalikwa kuhutubia wafanyakazi, na jina lake likatumiwa katika propaganda. Mwaka wa 1950 Milada Horáková, mwanasheria na mbunge wa zamani aliyekuwa amewahi kufungwa na Wanazi, alihukumiwa kifo katika kesi ya kisiasa na kunyongwa. Gazetini ilichapishwa taarifa yenye jina la Zátopek ikiunga mkono hukumu hiyo. Doa hilo halifutiki kwa wingi wa nishani, na yeyote anayesimulia sifa zake hana budi kulitaja.

Miaka miwili baadaye, mtu huyohuyo alifanya jambo ambalo wengi wasingethubutu kulifanya. Timu ya Chekoslovakia ilipokuwa ikijiandaa kwenda Helsinki mwaka wa 1952, wakuu waliamua kwamba Stanislav Jungwirth, mkimbiaji wa mita 1,500, asisafiri kwa kuwa baba yake alikuwa mfungwa wa kisiasa. Zátopek alitangaza kwamba Jungwirth asipokwenda, naye hatakwenda. Ndege iliondoka bila yeye. Kwa afisa wa jeshi, ukaidi huo ungeweza kumfikisha gerezani. Wakuu walipima hasara ya kumkosa bingwa wao, wakasalimu amri. Wanariadha hao wawili walisafiri baadaye. Jungwirth hakupata nishani Helsinki, lakini mwaka wa 1957 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Laiti Zátopek angenyamaza, huenda dunia isingemjua kamwe.

Helsinki penyewe palikuwa uwanja wa Vita Baridi. Umoja wa Kisovieti ulishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, na wanariadha wa nchi za kambi yake waliwekwa katika kijiji chao cha pekee huko Otaniemi, mbali na wenzao wa Magharibi. Zátopek hakuujali mpaka huo. Les Perry, mkimbiaji wa Australia aliyemstahi mno, alipofunga safari kwenda Otaniemi kumtafuta, Zátopek alimpokea kama ndugu aliyepotea na wakafanya mazoezi pamoja.

Ujerumani ilikuwa imerejea Olimpiki baada ya kufungiwa, na mmoja wa wapinzani wake wakuu katika mita 5,000 alikuwa Mjerumani, Herbert Schade. Ilikuwa imepita miaka 7 tu tangu jeshi la Ujerumani lifukuzwe Prague. Katika fainali, Schade aliongoza mizunguko mingi peke yake. Zátopek alimfikia na, kwa lugha ya Kijerumani, akamkaribisha wasaidiane kuongoza. Hakumwona Schade kuwa mwakilishi wa waliomkandamiza ujanani. Alimwona kuwa mtu aliyechoka kuvunja upepo peke yake. Katika mzunguko wa mwisho wanaume wanne walikuwa pamoja. Chris Chataway wa Uingereza alianguka katika kona ya mwisho, na Zátopek akawapita Mimoun na Schade. Muda wake ulikuwa dakika 14 na sekunde 6.6. Alasiri hiyohiyo Dana alishinda dhahabu ya kurusha mkuki kwa umbali wa mita 50.47.

Kabla ya hapo Zátopek alikuwa tayari ameshinda mita 10,000. Kisha akaamua kushiriki marathoni, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzikimbia maishani. Aliambatana na Jim Peters wa Uingereza, aliyetazamiwa kushinda. Njiani alimuuliza Peters iwapo kasi yao ilikuwa kubwa mno. Peters, kwa kutaka kumchosha, alijibu kwamba ilikuwa ndogo. Zátopek aliamini, akaongeza mwendo, na Peters akashindwa kumaliza mbio. Zátopek aliingia uwanjani peke yake kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3.2. Hadi leo hakuna mwingine aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja. Mwaka wa 1954 akawa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 kwa muda wa chini ya dakika 29.

Melbourne na saluti kwa Mimoun

Olimpiki ya Melbourne ya mwaka wa 1956, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa Kenya kushiriki, ilifanyika katika kivuli cha vita viwili. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamezima uasi wa Hungaria kwa damu, nayo Misri ilikuwa imeshambuliwa na Israeli, Uingereza na Ufaransa kwa sababu ya Mfereji wa Suez. Uholanzi, Uhispania na Uswisi zilisusia Michezo kwa ajili ya Hungaria, na Misri, Iraki na Lebanoni zikasusia kwa ajili ya Suez. Timu za Hungaria na Umoja wa Kisovieti zilipokutana katika mpira wa majini tarehe 6 Desemba, wachezaji walipigana, na Ervin Zádor wa Hungaria akatoka majini akivuja damu usoni. Hungaria ilikuwa ikiongoza kwa mabao 4 kwa 0 mchezo uliposimamishwa.

Siku chache kabla ya pambano hilo, uungwana wa namna nyingine ulionekana katika marathoni. Zátopek alikuwa na umri wa miaka 34 na alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Alimaliza wa sita. Mshindi alikuwa Alain Mimoun, yule Mfaransa aliyekuwa amemaliza nyuma yake mara tatu katika fainali za Olimpiki. Mimoun alikuwa ameumizwa mguu vitani huko Italia, naye alikuwa mwana wa Aljeria akiichezea Ufaransa wakati nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Baada ya kuvuka mstari hakuondoka, bali alibaki akimngojea rafiki yake. Zátopek alipofika na kuambiwa ni nani aliyeshinda, alivua kofia, akampigia saluti, kisha akamkumbatia. Mimoun aliishi hadi mwaka wa 2013, na mara nyingi alisimulia kwamba kumbatio lile lilimfaa kuliko nishani yenyewe. Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Siku hiyo Zátopek aliuthibitisha usemi huo.

Nishani ya Ron Clarke

Mwaka wa 1966 Ron Clarke wa Australia alikwenda kushindana Prague. Clarke alikuwa amevunja rekodi nyingi za dunia, lakini dhahabu ya Olimpiki ilikuwa imemponyoka. Wakati wa kuagana uwanjani wa ndege, Zátopek alimtia mkononi kifurushi kidogo. Clarke alihofia kwamba huenda alikuwa akipitishiwa kitu cha magendo, kwa kuwa ukaguzi wa nchi za Mashariki ulikuwa mkali. Ndege ilipopaa ndipo alipokifungua. Ndani mlikuwa na nishani ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki. Kutoa ni moyo, si utajiri, wala mpaka wa kambi mbili za silaha za nyuklia haukuweza kuuzuia moyo huo. Huko Meksiko mwaka wa 1968, Clarke alianguka na kuzirai mwishoni mwa mita 10,000 kwa uhaba wa hewa ya nyanda za juu. Mshindi alikuwa Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Clarke hakuwahi kushinda dhahabu nyingine, lakini ile aliyopewa alikuwa nayo.

Vifaru vya Prague

Mapema mwaka wa 1968 Alexander Dubček alichukua uongozi wa Chama cha Kikomunisti nchini Chekoslovakia, akaanza kulegeza udhibiti wa magazeti na wa maisha ya umma. Mwezi Juni, Zátopek alitia saini tamko la Maneno Elfu Mbili, lililoandikwa na Ludvík Vaculík kudai mageuzi yaendelee. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, majeshi ya Umoja wa Kisovieti na washirika wake yaliivamia nchi.

Zátopek, wakati huo akiwa kanali wa jeshi, alikwenda katika medani ya Wenceslas katikati ya Prague. Alijua Kirusi, akazungumza na wanajeshi vijana waliokuwa juu ya vifaru. Baadhi yao walimtambua. Hoja aliyoitoa ilikuwa ya mwanamichezo: Wagiriki wa kale walisimamisha vita wakati wa Olimpiki, na zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Michezo ya Meksiko. Taifa lililovunja amani hiyo kwa kuvamia jirani, alisema hadharani, lisiruhusiwe kushiriki. Inafaa kuzingatia kwamba hakuwatukana wanajeshi wale. Aliwasemesha kama alivyomsemesha Schade, kwa lugha yao, akiipinga amri waliyotumwa kuitekeleza bila kuwakana wao wenyewe kama watu.

Wito wake haukusikizwa, na timu ya Kisovieti ilishiriki. Upinzani wa Wacheki ulidhihirishwa huko na mwanasarakasi wa viungo Věra Čáslavská, ambaye naye alikuwa ametia saini tamko lile. Baada ya uvamizi alijificha milimani, akafanya mazoezi kwa kuinua magunia ya viazi. Alishinda dhahabu nne na fedha mbili. Wimbo wa taifa la Kisovieti ulipopigwa, aliinamisha kichwa na kuugeuza upande. Hakumnyima mkono mshindani yeyote. Alichokataa kukitazama ni ile bendera.

Adhabu na kukunjama

Adhabu ilifuata. Zátopek alifukuzwa chamani, akaondolewa jeshini na kuvuliwa hadhi yake. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika kampuni ya uchunguzi wa ardhi, akichimba mashimo ya kutafutia maji na madini, akilala katika trela pamoja na vibarua wenzake mbali na mkewe.

Kisha mwaka wa 1971 akakunjama. Katika mazungumzo yaliyochapishwa na gazeti la chama, aliyakana hadharani aliyoyasema mwaka wa 1968. Wenzake katika harakati walichukizwa, kwa kuwa wapo waliofungwa na waliopoteza kila kitu bila kukana neno. Čáslavská alikataa katakata kufuta saini yake, akanyimwa kazi ya ukocha kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, wapo waliomwonea Zátopek huruma. Mkono usioweza kuukata, hubusiwa, na mtu aliyezidi miaka 45, aliyetengwa na marafiki, jiji na kazi yake, hakuwa na silaha nyingine. Baadaye aliruhusiwa kurejea Prague, akapewa kazi ya kusoma na kutafsiri machapisho ya kigeni ya michezo. Ujuzi wa lugha uliomsaidia kuzungumza na wapinzani wake ukawa sasa ndio riziki yake.

Mwaka wa 1975 alipokea tuzo ya kimataifa ya uungwana michezoni yenye jina la Pierre de Coubertin. Utawala wa kikomunisti ulipoporomoka mwishoni mwa mwaka wa 1989, hadhi yake ilirejeshwa rasmi mwaka wa 1990, wakati wa urais wa Václav Havel. Zátopek aliaga dunia Prague mwezi Novemba mwaka wa 2000 akiwa na umri wa miaka 78. Dana alimfuata mwaka wa 2020.

Hitimisho

Wakenya wanaelewa vyema uzito wa mada hii. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal ya mwaka wa 1976 kupinga uhusiano wa michezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na ikasusia Moscow mwaka wa 1980 kufuatia uvamizi wa Afghanistani. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na mara nyingi nyasi hizo ni wanariadha.

Maisha ya Zátopek yanatenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya: kupinga kosa la dola na kumchukia mwana wa dola hiyo. La kwanza alilifanya kwa ujasiri mwaka wa 1952 na 1968, akalishindwa mwaka wa 1950 na 1971. La pili hakulifanya kamwe, si kwa Mjerumani, si kwa Mwaustralia, wala kwa kijana wa Kirusi aliyekuwa juu ya kifaru. Kwa hiyo haifai kumchora kama malaika, wala haifai kumhukumu kwa kipindi kimoja cha udhaifu. Alikuwa binadamu aliyepewa mitihani mingi kuliko nishani zake, akafaulu mingine na kuanguka mingine. Katika mtihani wa utu kwa mshindani wake, hakuanguka hata mara moja.